Dada, Viraka Vimejaa Nyumba: Nianzie Wapi?

Julai ya Kericho na Bomet mnaijua: ukungu asubuhi, baridi ya kuuma vidole, birika la chai halishuki jikoni. Ni mwezi wa kukaa ndani, na barua za washonaji huwa nyingi. Leo nimechukua moja ya upande wa Litein. Mwandishi wake ni mama wa watoto watatu, ana shamba dogo la chai na cherehani ya kukanyaga aliyoachiwa na shangazi yake. Hashonei biashara. Nimeifupisha hivi:

"Dada, napenda kushona mifarishi ya viraka. Kuanza sina shida, kumaliza ndiko kunanishinda. Nina mmoja wa kitanda chetu, uso umekwisha lakini tabaka bado hazijashonwa pamoja. Mwingine ni wa mtoto wa dada yangu, anayetarajiwa Septemba. Mwingine niliahidi kanisa kwa harambee ya Novemba, na sijakata hata kiraka. Kuna foronya nne za vitenge, kuna tandiko la leso nilizopewa na mama, na kuna mfuko wa vipande vya sare niliookota kwa fundi. Mume wangu anasema nimefungua kiwanda bila wafanyakazi. Juzi nikapita sokoni nikanunua vitenge vingine. Je, nifunge kila kitu nishone mmoja tu mpaka uishe, ama niendelee hivi hivi?"

Mdogo wangu, pole kwa msongamano, na hongera pia. Mwanamke anayechuma chai, anayelea watoto, na bado akabaki na hamu ya kupanga rangi kwenye kitambaa, si wa kukemewa.

Jibu langu ni hili: usifunge kila kitu, wala usiendelee hivyo hivyo.

Watakuambia mshika mbili moja humponyoka. Methali hiyo imfae fundi wa sokoni ambaye wateja wanamngoja mlangoni. Wewe unashona kwa kupenda. Mtu wa namna yako akijifungia kwenye kazi moja miezi mitano, siku atakayoichoka ndiyo siku cherehani itafunikwa kitambaa cha mezani na kuwekewa redio juu.

Hata hivyo kazi zako zimekwama, na sababu si wingi wake. Zote zinakungoja saa ile ile: mchana, mbele ya cherehani, nyumba ikiwa kimya. Saa kama hiyo kwa mkulima wa chai huja mara ngapi kwa wiki? Ikija unakuta madai sita yamekukalia. Unashika hili, unaliacha, unashika lile, mwisho unafagia nyuzi na kwenda kuinjika ugali.

Tazama shamba lako mwenyewe. Huchumi vichaka vyote siku moja. Leo upande wa juu, baadaye ule wa karibu na mto, na ukifika wa mwisho, wa kwanza umeshachipua tena majani mawili na chipukizi. Kupogoa nako ni vivyo hivyo. Hukati shamba zima mwaka mmoja, maana ungekaa miezi huna cha kupeleka kwenye mizani. Unapogoa sehemu, na kila sehemu hurudiwa baada ya miaka 3 au 4. Shamba ni moja na mikono ni ile ile, ila kila upande uko kwenye hatua yake. Mifarishi yako iende kwa utaratibu huo.

Toa vyote nje

Chagua asubuhi kavu, kabla mvua ya alasiri haijagonga mabati. Tandika shuka safi kitandani, mimina kila mfuko, kisha chukua ukurasa wa daftari kuukuu uandike mambo manne kwa kila kazi: ni ya nani, inatakiwa lini, imefika hatua gani, na inakosa nini. Hilo la nne usiliruke. Kazi nyingi zinazolala miaka huwa zimekosa kitu kidogo tu: uzi wa rangi fulani, yadi mbili za mgongo, blanketi la kutia katikati.

Hatua nizitaje ili tuelewane. Mfarishi una tabaka tatu: uso wa viraka, kitu cha joto katikati, na mgongo. Kazi yake basi ni hizi: kufua na kukata, kuunganisha viraka viwe uso, kuupiga pasi uso na kuunyoosha kingo, kupanga tabaka na kuzipiga bandi, kuzishona zishikane, na mwisho kutia pindo pande nne.

Ukiziangalia vizuri utaona hazitaki mahali pamoja. Kukata kunataka meza, mwanga na macho yasiyo na usingizi. Kuunganisha kunataka cherehani. Kupiga bandi kunataka sakafu iliyopigwa deki na watoto wakiwa shule. Kushona tabaka kwa mkono na kutia pindo hakutaki chochote zaidi ya mapaja yako, sindano na taa.

Hapo ndipo kanuni yangu inapotoka: kazi hai ziwe tatu, na kila moja iwe ya chombo chake. Moja iwe ya mkasi, moja ya cherehani, moja ya mkono. Nyingine zote zilale, na zilale kwa heshima, nitaeleza namna gani.

Zako nazipanga hivi. Ya cherehani ni mfarishi wa mtoto, kwa sababu mtoto hangoji. Ya mkasi ni ya kanisa, maana hujaanza na tarehe ipo. Ya mkono ni ya kitanda chenu. Uso umekwisha, na hakuna kazi inayofaa Julai kuliko mfarishi uliotandazwa magotini jioni ukiushona huku unakupa joto. Zipige tabaka bandi kwanza, kisha anza kushona katikati ukielekea kingo, ili mkunjo wowote usukumwe nje. Foronya sizihesabu, hizo ni za kutembea nazo mkobani. Leso na sare zilale.

Kazi kubwa ihesabu kwa safu

Mfarishi hutisha kwa sababu tunauangalia mzima. Uhesabu, utaona ni vipande vya nusu saa nusu saa.

Wa mtoto, tuseme inchi 36 kwa 42. Kwa viraka vya inchi 6 ni sita kwa upana na saba kwa urefu, jumla 42. Kila kiraka ukate inchi 6 na nusu, kwa sababu robo inchi inaingia kwenye mshono kila upande. Kitenge cha upana wa inchi 45 kinakupa viraka 6 kwa upana mmoja, kwa hiyo nusu yadi inatoa 12. Nunua nusu yadi za vitenge vinne tofauti na utakuwa na 48, sita vya akiba.

Wa harambee, kwa kitanda cha futi tatu kwa sita, uufanye futi 5 kwa 7 ili uning'inie pande zote. Hiyo ni viraka 10 kwa 14, yaani 140. Yadi moja ya kitenge inatoa 30, kwa hiyo yadi tano zinatosha na baki. Safu moja ya viraka 10 ina mishono 9. Safu 14 ni mishono 126, kisha mishono mirefu 13 ya kuunganisha safu na safu. Ukishona safu mbili kwa wiki, safu zote zinakwisha kwa wiki saba. Kata Agosti ukiwa unamalizia wa mtoto, anza safu mwanzo wa Septemba, na kabla Oktoba haijaisha uso uko tayari. Zinabaki wiki chache za kushona tabaka, na hapo usikae peke yako. Waalike akina mama wa kanisa, mtandaze mkekani, mkae pande nne na sindano zenu. Mfarishi wa harambee ni wa wote.

Unapounganisha viraka, pitisha jozi moja baada ya nyingine chini ya mguu wa cherehani bila kukata uzi katikati. Zitatoka zimeshikana mfululizo, uzikate baadaye. Uzi haupotei, na watoto wakikuita unajua umeishia wapi.

Siku na mwaka wa nchi ya chai

Wengi wenu mnajipangia kana kwamba mnaishi mjini na mna alasiri zenu. Pangeni kwa majani na kwa mvua.

Asubuhi ni ya shamba, hiyo haina mjadala. Lakini kati ya kupeleka majani kituoni na lori la kiwanda kufika, kuna kusubiri, na kusubiri huko kuna thamani. Ndiko foronya zinakoshonwa: jozi za viraka, uzi, sindano na mkasi mdogo ndani ya mkoba. Jambo moja tu. Mkono uliochuma chai una utomvu, na utomvu wa chai ukikauka huacha rangi ya hudhurungi kwenye vidole na kwenye kila kinachoguswa. Nawa kwa sabuni na usugue kucha kabla ya kushika sindano, na viraka vyeupe uviache nyumbani. Vya kituoni viwe vya rangi nzito.

Alasiri mvua inakuja, na kwetu mara nyingi inakuja na radi na mawe, stima inapotea. Cherehani ya kukanyaga haijali stima, ila macho yako yanajali. Mambo ya mwanga yafanye mapema: kukata, kupima, kuoanisha rangi. Pasi ya makaa itikise majivu nje na uipitishe kwanza juu ya kitambaa cha zamani, kwa sababu cheche moja hutoboa kazi ya wiki. Usiku ushone kwa uzi unaouona. Uzi mweusi kwenye kitenge cha bluu nzito chini ya taa ya sola utakuharibia macho, na mishono utaifumua asubuhi.

Mwaka nao una zamu zake. Januari na Februari jua ni kali na majani hupungua, basi huo ni msimu wa kufua vitambaa, kuvianika na kukata. Ndio pia wakati wa kupita kwa fundi, kwa sababu shule zinapofunguliwa Januari sakafu za mafundi wa sare hujaa vipande vya bluu, maruni na kijani. Machi mpaka Mei mvua ni nyingi na majani hayangoji, usijipe kazi kubwa, shona vidogo vya mkono. Juni mpaka Agosti baridi inakuweka ndani, hapo tabaka zinashonwa. Oktoba ni bonasi kwa sisi wa viwanda vya chai vya KTDA, uwe wa Momul, Kapkatet, Mogogosiek ama Tirgaga. Novemba na Desemba ni koito za kuposa, harusi na watoto wakiwa likizo. Mfarishi wa zawadi usioisha kabla ya Desemba kuanza, hesabu hautaisha mwaka huo.

Kazi iliyolala ilale vizuri

Kazi ikilala vibaya haiamki. Kila moja ipe mfuko wake. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku nchini Agosti 2017, kila jikoni kuna mifuko ya kitambaa ya sokoni, na hiyo ndiyo bora kwa sababu inapumua. Baridi na ukungu wetu huleta koga, na kitambaa kilichofungiwa kwenye plastiki na unyevu hutoka na madoa meusi yasiyotoka. Sanduku la bati la shule ambalo mtoto ameshamaliza nalo ni hifadhi nzuri, panya hawaingii. Gunia la mbolea si mahali pa kitambaa, hata ukiliosha.

Ndani ya mfuko tia viraka, uzi wa rangi yake, kiraka kimoja kilichokatwa sawasawa kiwe kipimo, na karatasi. Kwenye karatasi andika hatua inayofuata. Usiandike ulichokwisha kufanya, hicho utakiona kwa macho. Andika: "Unganisha safu ya 6, anza na ya maua mekundu." Ukirudi baada ya miezi mitatu hutakaa saa nzima ukijiuliza ulikuwa unafikiria nini. Na sindano itoe. Kwa unyevu wetu sindano iliyochomekwa kwenye kitambaa hushika kutu na kuacha doa dogo la rangi ya kahawia lisilotoka.

Leso za mama, vipande vya sare

Leso zisikusumbue. Kitambaa chenye kumbukumbu ya mama hukatwa siku mtu anapojua anachokitaka. Ukifika siku hiyo, kumbuka leso ina pindo linaloizunguka, mji katikati, na jina, yale maandishi ya chini. Jina usilikate viraka. Litoe zima kama ukanda mmoja na ulishone ukingoni mwa tandiko, ili anayetandika kitanda asome alichoambiwa na mama yake. Mji ndio ukate viraka.

Vipande vya sare vichambue kabla ya kuvipa nafasi sandukuni. Vingi vimechanganywa na polista. Pasi ya moto wa kitenge inaviyeyusha, na ukivichanganya na pamba mfarishi utavutika upande mmoja baada ya kufuliwa. Vishone peke yake: mkeka wa miguu, mkoba wa vitabu, mto wa kukalia. Vishikio vya sufuria usivitengeneze kwa polista, hivyo ni vya pamba tupu. Na usipokuwa na hamu navyo, vipeleke kwenye chuo cha ufundi kilicho karibu, wanafunzi wa ushonaji wanahitaji vitambaa vya kujifunzia. Kuacha kazi usiyoipenda tena ni kumaliza pia. Ifute kwenye daftari na usiikumbuke kwa huzuni.

Njia ya ndugu zetu wa ng'ambo

Kuna wanawake ambao tatizo lako hawalijui, na asili yao ni huku kwetu. Huko Karnataka, kusini magharibi mwa India, wanaishi Wasiddi, uzao wa Waafrika waliovushwa bahari kwa karne nyingi, wengine wakiwa watumwa, wengine mabaharia na askari. Wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi kwa nguo kuukuu za nyumba, na huushona kwa mkono tu.

Namna yao ni tofauti na yetu. Hawatengenezi uso kwanza. Hutandaza kitambaa cha mgongo, mara nyingi sari ya zamani, huanza pembeni, hukunja kingo za kiraka ndani, hukiweka na kukishona moja kwa moja mpaka mgongoni kwa mishono midogo ya bandi. Kinafuata kingine, wakizunguka pande nne na kuingia ndani mzunguko baada ya mzunguko, mpaka wakutane katikati. Kuunganisha, kushona tabaka na kutia pindo vyote vinakwenda pamoja. Kwenye pembe nne huongeza pembetatu ndogo za kitambaa kilichokunjwa, ambazo huziita maua. Bila maua hayo wanaona mfarishi uko uchi.

Kwa mtu anayekwama hatua ya katikati kama wewe, hii ni dawa. Hakuna uso utakaokaa mwaka mzima ukingoja mgongo. Kila jioni unayoshona, sehemu hiyo imekwisha moja kwa moja. Haihitaji cherehani, stima wala meza, na viraka havina haja ya kulingana. Tandiko lako la leso, siku likiamka, ningelishona kwa njia hiyo.

Maswali mafupi

Mmoja wa Silibwet anasema mama mkwe wake humwambia viraka ni nguo za maskini. Mwambie kwa adabu kwamba huko Alabama, Marekani, kuna kijiji cha watu weusi kiitwacho Gee's Bend. Wanawake wake walikuwa wakulima wa pamba, na walishona mifarishi kwa suruali na mashati ya kazi yaliyochakaa, ili watoto wasilale na baridi. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilitundikwa kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la Houston, na 2006 posta ya Marekani ikaichapisha kwenye stempu. Kisha mshonee mama mkwe mmoja wa kufunika magoti. Akishaanza kuota joto, hutasikia neno.

Wa Kapsoit anauliza katikati atie nini, pamba ni ghali. Tia blanketi kuukuu lililofuliwa, ama shuka nzito mbili za zamani. Usitafute unene mkubwa. Mfarishi mnene ukilowa ni mzito kuliko ndoo ya maji, na kwa mvua zetu utakaa kwenye kamba siku tatu ukinuka.

Wa Sotik anasema cherehani yake inaruka mishono kila akifika kwenye makutano ya viraka. Badilisha sindano kabla ya kumwita fundi. Namba 14 kwa kitenge, 16 ukishona tabaka tatu. Panguza vumbi la nyuzi kwenye nyumba ya bobini, tia mafuta ya cherehani tone moja moja, na uangalie mkanda, huenda umelegea.

Wa Longisa anauliza kuhusu rangi zinazochuja. Kitenge kipya na leso mpya zifue peke yake, tena na tena, mpaka maji yawe meupe, ndipo ukate. Ukiwa na shaka, bonyeza kitambaa cheupe chenye unyevu juu yake. Kikipata rangi, bado.

Wa Kaplong ameanza kuombwa na majirani awashonee kwa pesa. Ukikubali, chukua oda moja kwa wakati, chukua nusu ya malipo kabla ya kukata, na uihesabu kama kazi yako ya cherehani. Usijaribu kuifanya ya nne. Na bei iweke kwa hesabu ya kitambaa, uzi na siku zako. Usiogope kuitaja.

Neno la mwisho kwa wa Litein

Mumeo anatania kiwanda, naye usimkasirikie. Mpe kazi: ashike ncha ya pili ya futi unapopima, akusaidie kukunja blanketi la katikati. Wanaume wengi wanaolalamikia viraka hawajawahi kuombwa mkono.

Kanuni ni moja, iandike ndani ya kifuniko cha sanduku: kazi mpya haiamshwi mpaka iliyo hai itiwe pindo. Bonasi ya Oktoba ikiingia, nunua kwanza kilichokosekana kwenye karatasi zako, mgongo wa huu na uzi wa ule, ndipo utazame vitenge vipya. Na mfarishi ukikwisha, utandike siku hiyo hiyo. Usiuhifadhi ukimngojea mgeni, kwa sababu kitu kisichotumika hakikupi hamu ya kumaliza kinachofuata.

Vile vitenge vya juzi vifue, vikauke, vikunje, uviweke sandukuni. Leo jioni shika wa mtoto. Viraka 42 tu, mdogo wangu, na Septemba iko mlangoni.